Magodoro ya Wageni wa Kurunzi

Malindi nzima hakuna aliyejua kutamba kama Msellem wa Kaltuma, na anayesema haya mwenyewe si mchezo kwa kutamba. Likizo yake ya kwanza kutoka chuo kikuu, huko Nairobi, alikaa barazani kwa Zubeir fundi cherehani akatupigia soga za gazeti lao la wanafunzi mpaka kahawa ikapoa.

Gazeti lenyewe, ukiondoa mbwembwe, lilianza kwa karatasi moja ya mwandiko wa mkono, ikabandikwa ukutani bwaloni. Wapishi wakaibandua wakawashia moto. Ndipo vijana wakapata mashine ya kurudufu, wino wa kuharibu kanzu, na jina: Kurunzi. Kwenye kaulimbiu nusura wapigane. Ochola alitaka Kilatini, na Kilatini chenyewe hakijui. Thuku, mwenye sauti kuliko wote, akasema atunge Mswahili wa pwani. Msellem akatunga: “Hatumwachi mwenzetu.” Thuku akapanda mezani akaisoma kama kiapo, wote wakaitikia.

Sasa, sisi watu wa huku maneno ya pambo hatuyajui. Mtu akisema hamwachi mwenziwe, basi hamwachi. Mwaka wa themanini na mbili, baada ya jaribio la mapinduzi, chuo kilipofungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao na kuamriwa waripoti kwa chifu kila wiki, Msellem aliingia nyumbani na kabla hata hajavua viatu akasema:

“Mama, wenzangu watakuja kunitazama.”

Kaltuma akamwita fundi wa magodoro. Sufi ikapepetwa uani, mtaa mzima ukapiga chafya. Magodoro yakashonwa, yakapangwa chumba cha mbele, na tangu hapo kila Ijumaa yakawa yanaanikwa juani ili wageni wasije wakalalia unyevu.

Wageni hawakuja. Vijana aliocheza nao udogoni wakawa wakimwona wanakata kichochoro, nani anataka kuonekana na mtu wa kuripoti kwa chifu? Akikaa barazani, walio kando yake wanakumbuka shughuli zao. Alibaki Zubeir, ambaye mdomo wake hauwezi kukaa bila mtu.

“Bwana Mhariri, wageni wako wamepitia Zanzibari?”

“Njia mbovu, Ami. Watafika.”

Hata Chifu Masha alimuuliza, huku akimmiminia chai: “Hao wenzako wa gazeti wako wapi?”

“Wanakuja, mzee.”

“Wakija niletee. Nimechoka kuzungumza nawe peke yako.”

Kijana alicheka, akatoka, akaenda kukaa gatini hadi magharibi, akiwaandikia kichwani barua ambazo hakuthubutu kuzitia posta.

Ukapita mwaka. Siku moja, kituo cha basi, akamwona Thuku anashuka na begi. Moyo ukamruka.

“Thuku! Karibu, ndugu yangu! Karibu!”

Thuku aligeuka kulia na kushoto. “Punguza sauti, bwana. Nimekuja kwa kaka yangu, anafanya kazi hotelini. Amenionya nisionekane na mtu wa gazeti.”

“Lakini wewe mwenyewe ni mtu wa gazeti.”

“Ndiyo sababu.”

“Nyumbani ni hapo tu. Mama amekutandikia.”

“Kesho mchana nitakuja. Kweli.”

Kesho yake Kaltuma alipika samaki wa kupaka na wali wa nazi, akafukiza udi mpaka Zubeir akauliza kuna harusi gani. Chakula kikafunikwa kawa, kikapoa. Alasiri Kaltuma akapakua sahani moja, akaisukuma mbele ya mwanawe.

“Kula, babangu. Huenda kaka yake amemzuia.”

 Ijumaa ilipofika, magodoro hayakuanikwa.

Chuo kikafunguliwa. Kurunzi nayo ikafufuka, kikao cha kwanza chumba kile kile, meza ile ile. Msellem ndiye aliyechapa ukurasa wa mbele. Thuku akaushika, akautazama juu chini.

“Mbona chini ya jina ni patupu? Kaulimbiu iko wapi?”

“Niliingoja kwetu Malindi,” Msellem akasema, akifunga kopo la wino. “Haikufika.”

Ochola akataja tena Kilatini chake, wenzake wakaendelea kukunja karatasi. Toleo likatoka hivyo hivyo, na pale chini ya jina peupe, kama shuka la kitanda kisicholaliwa.