Zuhra wa Kasulu na Neno la Baba Louise

Saa mbili na nusu asubuhi, sokoni Kasulu. Zuhra Abdulrahmani anapanda juu ya kreti la soda, anashika kipaza sauti chake cha betri, halafu hasemi kitu. Anawatazama wauza maharage, anawatazama wauza ndizi, anamtazama dereva wa bodaboda anayegombana na abiria wake. Ndipo anainama kidogo, anapiga makofi ya polepole na kuwaamkia watu kwa Kiha.

"Mwakeye!"

Soko zima linaitikia. Sasa ndiyo anatangaza: mbuzi mweupe amepotea tangu Jumapili upande wa Murubona, duka la pembeni limeshusha mbegu mpya, akina mama wa kikundi wakutane saa kumi. Tangazo moja halizidi pumzi mbili. Yule wa bodaboda naye amezima pikipiki, anasikiliza habari za mbuzi asiyemhusu.

Zuhra ana miaka arobaini na minne na watoto watatu. Siku za kawaida hutangaza sokoni kwa shilingi elfu tano. Jumamosi hugeuka mshereheshaji wa harusi na hafla za kumuaga binti, na hapo hupata hadi laki moja na nusu. Amesema mbele ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini wiki hii ana kazi ya kusoma sentensi tatu tu, na anaogopa.

"Harusi nilizosherehesha sijui hata idadi," anasema akifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Ila hii ya Louise inanitesa. Nikifika sentensi ya pili, nalia. Sijawahi kuivuka."

Louise ni binti wa Mulenda, mkimbizi kutoka Kongo anayeishi kambi ya Nyarugusu. Anaolewa Jumamosi ijayo. Desturi inamtaka baba asimame ampe binti yake neno mbele ya watu, lakini Mulenda hana sauti. Mwaka juzi alipasuliwa uvimbe wa koo. Uvimbe ukatoka, sauti nayo ikaenda. Mkewe, Reine, ambaye angemsemea, alifariki miaka mitano iliyopita. Mulenda amemwomba Zuhra awe mdomo wake.

Na huyo Mulenda ndiye aliyemfundisha Zuhra kusema.

Ilikuwa kwenye hafla ya kumuaga binti mmoja hapa Kasulu. Zuhra alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa mwenye duka la vitenge, kazi yake ya kwanza ya kushika kipaza sauti. Alikuwa amekesha na redio akiwaiga watangazaji wa Dar es Salaam. Akaingia kwa kishindo, mambo vipi Kasulu, makofi kwa bibi harusi, mikono juu. Hakuna mkono ulioinuka.

"Kuamkia watu kwa makofi nilikujua tangu nikiwa mtoto, nani hapa asijue? Lakini nilikuona ni ushamba," anasema, na anacheka kwa aibu kana kwamba ilikuwa jana. "Wazee walinitazama tu. Wewe hujaniamkia, mimi nikupigie makofi ya nini?"

Bibi wa yule binti, Ntirampeba, aliinuka mwenyewe na mkongojo wake. Akainama, akapiga makofi, akawaamkia wageni kwa Kiha kwa utaratibu wote. Ukumbi mzima ukamwitikia. Kisha akaketi, akamwambia Zuhra, "Haya mwanangu, sasa sema."

Zuhra aliweka kipaza sauti chini. Alitoka nje akalia nyuma ya jenereta.

Huko ndiko alikomkuta Mulenda. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi iliyokodiwa kutoka kambini, na kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao Fizi. Akamwangalia akilia mpaka akatosheka.

"Maman, uko nasema mbio sana," alimwambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambako watu ni bantu. "Bantu hawayafika, weye umeshaenda. Kuya siku ya soko, nitakuonyesha."

Siku zile zinapotajwa, uso wa Zuhra unalegea kabisa. Kila siku ya soko la kambini alipeleka vitenge vya baba yake, na jioni alipitia kwa Mulenda. Hapakuwa na daftari wala ubao. Mulenda alimsimamisha upande huu wa kishamba cha maharage, na Reine akawa upande wa pili analima. Zuhra asimulie jambo lolote, bila kupiga kelele. Reine akisimamisha jembe, amevutiwa. Akiendelea kulima, Zuhra aanze upya.

"Reine alikuwa hana huruma! Siku moja alilima tuta zima mimi naongea," anasema Zuhra. "Nikamuuliza, mama Louise, hata neno moja? Akanijibu, 'Uko nasema juu ya kila kintu. Sema juu ya kimoja.' Nilirudi Kasulu nimenuna njia nzima."

Hivyo ndivyo alivyojifunza: kusimama kwanza, kutazama watu, kuvuta pumzi, kushika jambo moja na kuliacha likiwa bado tamu. Masomo yakiisha walikula ugali wa muhogo, na Louise, wakati huo mtoto wa miaka mitatu, alilala mapajani mwake akimchafulia kitenge kwa mchuzi wa maharage.

"Nikipewa nichague siku moja ya kuirudia maishani, ningerudi pale," anasema. "Naikumbuka sauti ya Mulenda kuliko ya marehemu baba yangu. Na sasa haipo."

Jumatano, baada ya kupata kibali cha kuingia kambini, Zuhra anaketi mbele ya mwalimu wake kujaribu tena. Mulenda amekonda, macho bado makali. Karatasi ni ya daftari la shule, mwandiko umenyooka. Zuhra anasoma.

"Louise, wakati niko na sauti nilifundisha bantu wengi kusema, lakini weye sikukuambia hata siku moja kama niko na furaha juu yako. Mama yako ndiye alikuwa anakuambia, miye nikasema nitakuambia kesho..."

Hapo anakwama. Mulenda anatazama chini.  Sentensi ya tatu, ambayo Zuhra bado hajaifikia, ni fupi: "Sasa minakuambia."

Je, Mulenda haogopi kwamba Louise atayasoma haya katika gazeti hili kabla ya siku yenyewe? Mulenda anachukua kalamu, anaandika, anageuza karatasi: "Magazeti hayafikaka huku. Yakifika, yamefunga maandazi." Mabega yake yanatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na Zuhra anacheka huku machozi yakimtoka.

Jumamosi hatakuwa mshereheshaji. Amemkodi Haidari, kijana anayevuma upande wa Kibondo, tena kwa pesa yake mwenyewe, ili yeye asiwe na kipaza sauti wala mbwembwe. Atasimama kando ya kiti cha Mulenda, atasoma, atakaa. Hadi siku hiyo ataisoma karatasi mara tatu kila asubuhi, jikoni, kabla watoto hawajaamka.

"Na nikilia nitalia, lakini nitafika mwisho," anasema akifunga karatasi ndani ya mtandio. "Kila harusi watu hunifuata wakisema, dada umesema vizuri. Safari hii sitaki. Wakiniambia hivyo, nimeshindwa kazi. Nataka wakitoka pale waambiane, leo baba Louise kasema."