Kanga ya Kuanzia Mbio

Kanga ya mama ingali sandukuni, inanuka moshi wa korosho.

Dada yangu alikuwa na mbio kuliko sisi wote, ila sauti kali zilimtesa. Kwenye mikorosho yetu kule Newala, mama alimwanzishia mbio kwa kupunga kanga hiyo.

Siku ya mashindano ya shule, mama alimsihi mwalimu, "Naomba usipige filimbi. Mpungie hii."

"Mama, mbio huanza kwa filimbi."

Akaipuliza. Dada akachuchumaa, akaziba masikio. Wenzake walipokwisha kufika, mama alisimama mwisho wa uwanja, akapunga kanga. Dada akaja mbio peke yake, watu wakicheka, hadi kifuani kwa mama.

Leo nimeipunga uani. Dada hayupo tena kuja mbio; vumbi limetulia vilevile.