Siku Nilipopaka Sirage Risasi za Bwana Mustashi

Hii mambo nilikataaga kuisimulia miaka na miaka. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akiianzisha mbele ya wageni, mimi nilikuwa natoka nje, najifanya nakwenda kuangalia mbuzi, lakini sasa nimezeeka na haya yenyewe imenichoka, basi kaeni muzuri niwaambie namna mimi, mutu muzima, mutu wa cercle, mwenye tai tatu (tatu, si moja), nilivyomufanya patron wangu awe mweusi mbele ya wazungu wote wa Bukavu, na namna nilibakiza kidogo tu kulala boloko, mu gereza.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Wabeleji. Nilikuwa natumika kwa muzungu mumoja tuliyemuita Bwana Mustashi, kwa sababu ya mustashi yake ya rangi ya mahindi, ncha mbili zimesokotwa zinaangalia juu, na alikuwa na tabia ya kuzisokota kila akifikiri, kila akifurahi, kila akikasirika, yaani mukono wake ulikuwa unaishi pale. Alikuwa na shamba la kahawa upande wa Mumosho na nyumba hapa muji, na nyuma ya nyumba kulikuwa atelier kidogo, chumba cha kazi za mikono, maana yule muzee alipenda kitu kimoja kuliko kahawa, kuliko hata Madame (Madame mwenyewe alikuwa anasema hivyo): kupiga shabaha na revolveri.

Risasi za duka hakuzitaka, alisema zimetengenezwa na watu wasiomujua, kwa hiyo tulikuwa tunazitengeneza wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuyeyusha plomb, ile madini laini na nzito, vipande vya mabomba ya zamani na vitu kama hivyo, namwanga ndani ya kalibu, vinatoka vichwa vya risasi vyeupe vinang'aa. Halafu patron anavichukua, anaingia mu chumba kidogo, anafunga mulango, na vikitoka mule vimekuwa vyeusi, vimepakwa kitu, vinametameta kama viatu vya mon père, padri wetu, siku ya Paska. Aliniambia plomb tupu inaacha uchafu ndani ya mututu, lazima ipakwe ndiyo ipite muzuri. Anaipaka nini, sikumuuliza, na hapa ndipo mujue mimi nilikuwa mutu wa namna gani.

Mimi nilikuwa siulizi. Tulikuwa na cercle yetu, chama chetu, mutaani Kadutu, sisi watu tuliosoma kidogo, tunakutana siku ya posho, ndiyo jumamosi, jioni, tunavaa tai, tunasema kifaransa sisi kwa sisi, na mimi nilikuwa naweka "effectivement", yaani ndiyo kweli, kila sentensi ya pili, hata pale ambapo haikuwa na kazi. Kulikuwa kijana mumoja, Deo, karani wa bureau, tulikuwa tunapigania yeye na mimi nani atakuwa secrétaire wa cercle, na kila mumoja alikuwa anangojea mwenzake ateleze ulimi. Mutu wa namna hiyo akikutana na neno asilolijua, je, atauliza? Afazali afe.

Sasa juma moja kukatangazwa concours, mashindano, ya revolveri, kwenye kiwanja cha wazungu kule kando ya ziwa, siku ya mungu kisha misa, na fanfare, bendi ya matrompeti, na sisi weusi tumeruhusiwa kusimama nyuma ya kamba. Siku ya tano patron akaitwa kwa haraka Mumosho, mashini ya kuosha kahawa imevunjika. Baruti alikuwa ameshaipima mwenyewe na kuiweka ndani ya maganda, vichwa nilikuwa nimeshavimwanga, ilibaki kupaka na kupachika tu. Akaniachia kibarua juu ya meza, kimeandikwa mbiombio: "Balles : cire. Pas trop."

Balles nilijua, ni risasi. Pas trop nilijua, ni usizidishe. Lakini ile ya katikati, cire, niliiangalia, nikaizungusha, nikaisoma kwa sauti, haikuniambia kitu. (Leo hata mutoto wa primaire atakuambia ni nta, ile ya nyuki, na nta yenyewe ilikuwa pale juu ya étagère, rafu ya ukutani, kipande cha njano kimefungwa mu karatasi, mimi miezi yote nilizania ni sabuni ya Madame.) Nikafikiri, patron alikuwa na haraka, neno hakulimaliza. Neno gani linaanza hivyo, na linafanya kitu kiwe cheusi na king'ae? Basi kichwa changu kikafunguka, nikajipongeza peke yangu mule ndani. Nikatoa crayon nyuma ya sikio, ile "e" ya patron nikaigeuza "a", nikaongeza "ge", ikawa cirage, sirage kabisa. Halafu juu ya ile "a" nikaweka accent, kile kimustari cha juu, ya kupendezesha.

Jioni nikamuelezea bibi yangu Nabintu, tena kwa kujivuna, namna nilisahihisha kifaransa cha muzungu. Nabintu alikuwa anamunyonyesha Furaha, mutoto wetu wa kwanza, akaniangalia, akasema, "Papa Furaha, sirage ni ya kupaka viatu. Juu ya nini usiende kwa mon père umuulize?" Nikamuambia mambo ya mekanike haiko ya wanamuke, na siku ya posho asubuhi nikanunua boite mbili za sirage nyeusi, nikapaka zile risasi zote, nikazipachika, nikazipanga mu boite yake ya mbao moja moja kama mayai. Na ile pas trop niliisahau kabisa, kwa sababu kadiri nilivyoongeza ndivyo zilivyopendeza.

Siku ya mungu patron akafika moja kwa moja kutoka Mumosho, nikamupokea na boite, amevaa kostimi nyeupe, kofia nyeupe, hata soksi nyeupe. Alifungua boite, akanusa kidogo, mimi nikanyoosha shingo nikingojea sifa. Hakusema neno, maana siku ile wazungu wote walikuwa wamepakwa viatu, kiwanja kizima kilikuwa kinanuka sirage, hakujua inatoka kwake. Akajaza revolveri kwa mikono yake. Akaenda kwenye mustari. Na mbele ya kupiga, kama kawaida yake, akasokota mustashi.

Upande mumoja ukawa mweusi.

Hakuna aliyesema kitu, maana nani atamuambia? Akapiga ya kwanza, ikatoka moshi mweusi mwingi, si moshi wa bunduki, moshi wa mutu anayechoma matairi. Ya pili, na vitone vikamurukia shavuni. Akaangalia revolveri, akaangalia shabaha (hakuna tundu hata moja), akasokota mustashi upande wa pili. Ya tatu, jasho likamutoka, akapanguza paji la uso. Ya ine haikutoka, ile silinda ikakataa kuzunguka, imegandamana, akaigeuza kwa nguvu na vidole vyote kumi, ndipo akajishika kiuno kwa hasira na mikono ikabaki imechorwa kwenye kostimi, mumoja huku, mumoja huku. Halafu akageuka kutuangalia.

Nyuma ya kamba watu wameuma midomo, machozi yanatoka. Kucheka muzungu miaka ile haikuwa muchezo. Lakini mama mumoja wa soko, sitasahau sauti yake, akasema polepole kabisa, "Aksanti Yesu, huyu sasa tutaelewana naye," na kamba yote ikaanguka kwa kucheka, watu wakaketi chini, hata trompeti ya fanfare ikatoa sauti ambayo haikuandikwa. Mimi nilikuwa kando ya meza nashika vitambaa vya kusafisha, na kicheko kilinijia pia, nikakimeza, maana nilikuwa nimeanza kuelewa.

Commissaire wa polisi alikuwa pale, mutu mufupi, hakuna aliyewahi kuona meno yake. Hakucheka. Akachukua risasi moja iliyobaki, akainusa, akaisugua kwa kidole, akauliza nani ametengeneza hii. Vidole vyote vya wazungu vikanionyesha mimi, na mapolisi wawili wakanishika huku na huku kwenye viwiko. Commissaire akaanza kusema kifaransa cha mbio, sikushika hata nusu, lakini kulikuwa neno moja ndani yake, sabotage, lile nililijua vizuri sana. Miaka ile wazungu walikuwa wameanza kuogopa, walikuwa wanaona ubaya hata mu sahani ya supu, na mutu mweusi aliyeharibu silaha ya muzungu hakuwa anarudi nyumbani kula. Nikamuangalia patron anisemee. Patron alikuwa anaangalia mikono yake. Niliumia, ninawaambia ukweli, niliumia sana.

Nikajaribu kujitetea kwa kifaransa. Nikasema "Monsieur le commissaire, effectivement," na pale nikabaki, kifaransa chote cha cercle kilikimbia kikaniacha na ile effectivement peke yake, nikairudilia mara tatu, na kwa masikio ya commissaire nilikuwa ninakubali kosa. Akaita mutu wa kutafsiri. Na ni nani akatoka nyuma ya kamba, amevaa tai, viatu vinang'aa? Deo.

Nikasema kwa kiswahili, ni Bwana mwenyewe aliniandikia nipake sirage. Deo akatafsiri. Patron akashituka, akasema hapana, mimi niliandika cire. Nikasema karatasi iko, na nikaitoa mu mufuko wa koti (ilikuwa mu koti kwa sababu nilikuwa nimepanga kuionyesha cercle nzima, waone namna ninasahihisha wazungu). Commissaire akaisoma, akaileta karibu na macho, akaweka kidole kwenye crayon yangu, akauliza kitu kimoja, na Deo akanigeuzia.

"Anauliza, hii ya crayon nani ameandika?"

Jamani, pale ndipo nilipoona dunia inavyokuwa nyembamba. Nikisema sikuijua, ni uongo wa karatasi, ni kesi ya pili juu ya ya kwanza. Nikisema ni mimi, basi Deo anasikia, kamba nzima inasikia, Bukavu inasikia kwamba ule mutu wa tai tatu hajui neno la herufi ine. Na ninawaambia aibu yangu yote: nilisita. Boloko iko mbele yangu na mimi napima! Ndipo nikamuona Nabintu nyuma ya kamba, ameweka mukono juu ya kichwa cha Furaha mugongoni, hakuwa analia, alikuwa anangojea tu nitasema nini.

"Ni mimi," nikasema. "Ile neno sikuijua. Nilizania Bwana amekosea, nikamumalizia."

 Deo akatafsiri, taratibu, bila kuongeza kitu. Commissaire akarudi kwenye karatasi, akaangalia, akaiweka mbele ya patron, na kwa ukucha akamuonyesha ile accent juu ya "a", mahali ambapo haiandikwagi kabisa. Patron akainama. Nikaona mustashi, ile nyeusi, inaanza kutetemeka, nikasema basi, nimekwisha, kumbe ni kicheko, kilianzia mu tumbo kikapanda mpaka akashika meza na kuichafua nayo.

"Acha yeye," akamuambia commissaire, tena kwa kiswahili chake, nafikiri alitaka na mimi nisikie. "Mutu ya kutaka kuua mimi, hawezi kusahihisha kifaransa yangu kwanza."

Na commissaire, ninaapa, alionyesha meno. Yalikuwa madogo. Mapolisi wakaniachilia viwiko, nikaketi pale pale mu majani mbele ya wakubwa wote. Sijawahi kuketi kutamu namna ile. Watu walikuwa wananicheka waziwazi sasa, wazungu na weusi pamoja, na kila kicheko kilikuwa kinaniingia kama uji wa moto mu tumbo la njaa, maana mutu anayechekwa hapelekwi boloko. Patron alinipa azabu ya kusafisha revolveri ile mpaka isinuke tena, ikachukua siku tatu, na siku ya kwanza aliniita mu kile chumba kidogo, akaacha mulango wazi, akanionyesha kila kitu: nta, mafuta ya ng'ombe, unga mweusi wa risasi ya crayon, na jina la kila kimoja. Kumbe ningeuliza angeniambia tangu zamani.

Lakini siku ile yenyewe, tulipanda Kadutu kwa miguu, Nabintu mbele na mutoto, anatembea mbio kidogo mabega yanatikisika, na mimi nilijua anacheka na nikamuacha acheke, ni haki yake. Nyuma yangu nikasikia viatu, ni Deo ananifuata. Nikajitayarisha. Nikasema huyu sasa anakuja kunimaliza, kesho cercle nzima itakuwa na wimbo, na usecrétaire nimuachie leo leo. Akatembea na mimi mpaka tukawapita watu, akaangalia nyuma, akalegeza tai, akanishika mukono.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "kati yetu tu. Cire iko nini?"