Viatu Vilivyoachwa kwa Zohali

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, Bi. Pappathi anafagia mbele ya rafu za viatu. Hekalu la Zohali, mungu wa sayari ambaye Wahindu humhofia kwa mikosi, hapa viungani mwa Tiruppur, kusini mwa India, ni jipya: marumaru tupu, lifti ya wazee, skrini ya kuonyesha zamu. Viatu, hata hivyo, bado vinapita mikononi mwake.

"Shika kibao chako cha namba, ndugu," anamwambia muumini anayevua viatu. "Ukikipoteza usije kunililia."

"Leo sirudi kuvichukua, dada."

"Haya, nenda salama. Utazame chini, kokoto zina ncha."

Jumamosi wengi hawarudi. Anayeandamwa na mkosi humwachia Zohali viatu, akaenda zake pekupeku, mkosi ukabaki navyo. Mwandishi huyu ameacha vyake mara mbili, wala haoni haya kusema. Jioni rundo lote hutupwa, maana hakuna anayethubutu kuvivaa.

Lakini ipo jozi moja ambayo Bi. Pappathi hajaitupa kwa wiki mbili sasa. Ni viatu vyeusi vya kufunika, vipya kabisa, saizi ya bintiye Poongodi. Jumatatu binti ana usaili wa kazi ya uuguzi, na hospitali haitaki kandambili. Mshahara wa mama, rupia elfu saba kwa mwezi, unaishia kwenye kodi na mchele.

"Nimemlea peke yangu tangu baba yake afe," anasema, akivipangusa kwa upindo wa sari. "Leo nimvalishe mkosi wa watu?"

Mchana Poongodi analeta wali wa mtindi na achari ya ndimu. Anaviona.

"Ndivyo hivi unavyovificha, mama?"

"Cheka tu. Ukifeli usinitaje."

"Mkosi huo una mwenyewe. Mimi haunijui hata jina."

Anavivaa. Vinamkaa sawasawa. Mama anageuza uso. Anaogopa, na hafichi.

Jioni rundo liko langoni, likisubiri gari la taka. Juu kabisa kuna kandambili za bluu, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu. Asubuhi alikuwa amezivaa Bi. Pappathi.

"Kama ni mkosi wangu unaomfuata mtoto, basi ubaki hapa," anasema. "Akipata kazi, mshahara wa kwanza ataninunulia nyingine. Ameshaniahidi."

Anashika njia ya nyumbani pekupeku, taratibu, akitazama chini.