Kiwanja cha Abrehet

Abrehet hakuwahi kutulia. Tangu mumewe afariki alikuwa akihamahama na mitungi yake ya pombe hapa Aksum, kila mwenye nyumba akichoshwa na kelele za wanywaji. Mwishowe akapata kiwanja chake, kidogo tu, nyuma ya kanisa. Kutwa nilimwona akikizunguka, anapima kwa miguu, anafuta mistari, anapima tena.

Kujenga kwetu kuna mambo. Wazee wetu wa kale walitawala mpaka ng'ambo ya bahari, wakapiga sarafu za dhahabu. Bahari ilipowaponyoka na biashara ikafa, wakatuachia makaburi chini ya kila jembe, na likionekana moja, kiwanja si chako tena. Ndiyo maana mwenye akili huchimba msingi kimyakimya, akaujaza, ndipo akamwita kasisi abariki na majirani waje wanywe.

"Usiite watu kwanza, dada," nilimwambia.

"Nikae tena mpaka lini? Wewe una mlango wako, ndiyo maana kungoja unakuweza."

Akaalika kasisi na chama kizima cha kanisani cha Mtakatifu Mikaeli siku ileile ya kuanza kuchimba. Tukanywa, tukacheka. Jua halijafika utosini, sururu ya Hagos, mwashi wetu, ikagonga ngazi ya mawe ya kuchongwa, inateremka gizani. Nilimnong'oneza Hagos afukie upesi, lakini kasisi alikuwa keshapiga magoti, analibusu jiwe. Nani angethubutu kulirudishia udongo?

Watu wa mambo ya kale wakaja, wakazungusha kamba. Abrehet akaweka kigoda chake nje ya kamba, akawa haendi popote. Nilimkasirikia yeye na hao wafalme.

"Unamlinda mfalme, mama?" mlinzi wao akamtania.

"Namsubiri ahame."

Walipolifungua kaburi, lilikuwa tupu. Wezi walishalifagia zamani hizo, hata mfupa hawakubakiza. Abrehet akainuka, akajipangusa vumbi.

"Basi keshahama. Toeni kamba yenu nijenge."

"Haiwezekani, mama," mlinzi akamjibu. "Hili ni kaburi la kifalme."

"Si mmeona wenyewe hamna mtu?"

"Hata kama hamna mtu."

Alimkazia macho yule mlinzi. Kisha akabeba kigoda chake, akaja kwangu kuuliza kama nina chumba cha kupangisha.