Bei ya Wapiga Mishale

Nianze kwa kukiri: mimi ni mama mzima wa miaka thelathini na minane, natengeneza kompyuta za shule mjini Nyeri, na Jumapili nikitoka kanisani hucheza mchezo wa vita. Unajenga miji, unafunza askari, karne zinapita ukitazama. Anayetaka kucheka acheke, nishazoea.

Mchezo wenyewe una sheria moja iliyokuwa ikinikera sana. Kikosi cha zamani, tuseme wapiga mishale, kinaweza kupewa bunduki, lakini dhahabu unayotozwa ni karibu mara mbili ya kufunza kikosi kipya. Wizi mtupu! Kwa hivyo sikuwa namgeuza mtu yeyote. Nilikuwa nabonyeza tu, wazee wanafutika, naleta vijana.

Jumapili moja ya mvua nilikuwa kwa baba, juu ya Karatina, na sikuwa nimeenda kucheza. Nilitaka ang'oe kahawa yake. Miti ilikuwa imezeeka, ugonjwa unaozesha matunda yakiwa mabichi, na majirani walikuwa wameshahamia avokado. Nilikuwa hata nimeongea na watu wa kung'oa visiki waje Jumanne. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nakunywa chai. Mstari wa kwanza kando ya njia, miti kumi na mmoja, aliupanda na mama mwaka waliooana, na mama tulishamzika. Nilijua hivyo vizuri, nikajifanya sikumbuki.

Chai ikaja, nikafungua kompyuta nipoze roho, baba akavuta kiti karibu.

"Hao wanaenda wapi?" aliuliza nilipowafuta wapiga mishale.

"Hawaendi mahali, Baba. Wamefutwa."

"Na hizo nyota walikuwa nazo juu ya kichwa?"

"Walizipata vitani. Zimeenda nao."

"Ngai! Mungu wangu!" alisema baba.

Muda si muda adui akaja. Kile kilima ambacho wazee wale walikilinda mara sita, vijana wangu na bunduki zao mpya hawakumaliza raundi mbili. Mji ukaenda. Nilitukana kidogo, Mungu anisamehe, na ilikuwa siku yake. Kisha nikarudisha mchezo nyuma, maana unaruhusu, na safari hii nikalipa. Nililipa hazina yote mpaka ikasoma sufuri. Wapiga mishale wakasimama pale pale, upinde ukageuka bunduki mkononi, na nyota zote zikabaki juu yao. Sijui nieleze vipi. Nimetazama kompyuta maisha yangu yote, lakini siku hiyo mwili ulinisisimka. Baba alivua kofia, na yeye huivua kanisani na makaburini tu.

"Kumbe wanaweza kugeuzwa," alisema polepole.

Jumatatu nikiwa kazini akanipigia simu. Watu wa visiki wasije. Amepata mama mmoja wa Kiriaini, fundi wa kupandikiza kahawa. Shina linakatwa usawa wa goti, linachipua, kisha fundi anaunganisha kwenye chipukizi kikonyo cha kahawa mpya isiyoshikwa na ule ugonjwa. Mzizi unabaki ule ule wa zamani. Ila mavuno ni ya kungojea, kama miaka miwili.

"Miaka miwili, Baba! Na utakunywa nini?"

"Kwani uliniona lini nikikunywa kahawa? Mimi ni mtu wa chai."

Hapo alinishinda. Jumamosi nikapanda kwenda kumsaidia, nikakuta ameenda sokoni. Shamba lote lilikuwa limekatwa, lakini kila mti ulikuwa umeachwa na shina moja refu, baya, lenye majani machache. Nikadhani mzee amechoka akaacha kazi katikati. Mimi na haraka yangu! Nikachukua msumeno, nikaanza na mstari wa mama, niusafishe vizuri. Baba aliporudi nilikuwa nimemaliza yote kumi na mmoja, na nilikuwa najisifu.

Alisimama njiani na kapu lake. "Hizo ndizo zilikuwa za kupumua," alisema. "Mti inawachiwa shina moja ya zamani, ilishe mizizi mpaka ile mpya itokee."

Hakuwa ameniambia kwa simu, kwa sababu kwa mkulima wa kahawa hilo si jambo la kuambiana. Mtoto aliyezaliwa kwake alipaswa kujua.

"Pole, Baba. Si tunaweza kurekebisha..."

"Hapa hairudi," alisema, akaingia nyumbani. Nililia pale shambani, msumeno mkononi, sikujali nani anapita.

Mistari mingine ilichipua. Fundi akaja na vikonyo vyake ndani ya gunia lenye maji, na kisu kidogo kuliko kidole changu. Alipasua chipukizi laini, akachomeka, akafunga na nailoni, akasonga mbele akiimba wimbo wa kanisa. Baada ya wiki kadhaa majani ya kahawa mpya yalikuwa yanameta juu ya mashina yenye umri wa kunizidi. Nilikuwa nasimama tu hapo nikishangaa kama mgeni. Mstari wa mama ulikuwa mkavu. Fundi alisema tuchimbe tupande mingine.

"Wacha kwanza," alijibu baba.

Nilienda kila Jumamosi, nikikwaruza magome kwa ukucha. Wa kwanza mkavu, wa pili mkavu, hivyo hivyo mpaka wa kumi. Mvua ndefu zikaanza. Jumamosi moja nikafika kwa wa kumi na moja, mwisho kabisa karibu na mfereji, na chini kwenye kisiki nikaona kitu cha kijani, kidogo kama ukucha wa mtoto. Niliita baba kwa sauti mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Alikuja, akachuchumaa kwa shida, goti lake likalia. Alitazama kwa muda mrefu bila kukigusa. Kisha akavua kofia, mvua ikinyesha vile vile.

"Huyu," alisema, "ako na nyota."