Mpaka Mguu Upate Nguvu

Daktari aliposema "kazi nyepesi," Kunguru alisikia tusi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa alikuwa fundi wa nguzo za umeme, na huko juu alikaa kama yuko kwake. Sasa paja lilikuwa limevunjika na kuungwa, na ofisi ikampeleka meza ya malalamiko, kupokea simu za waliokatikiwa na umeme, mpaka mguu upate nguvu.

Aliingia amekunja uso, wala hakuukunjua. Watu wa ofisini aliwadharau wote bila ubaguzi: kwake walikuwa watu wa kunywa chai na kungoja saa ya kutoka. Wao nao walimcheka. Kila akitaka kufungua kabati la chuma, aliligusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wagusavyo chuma wasichokiamini, ili kama kina umeme mkono uruke wenyewe, usinase. Kabati la mafaili, jamani. Ofisi nzima iliangua kicheko, isipokuwa mzee wa meza ya jirani, ambaye Kunguru alimdharau kuliko wote.

Mzee huyo alikuja kila asubuhi na mto kwapani, akauweka kitini, akaukalia mpaka jioni. Kunguru akambandika jina la Mto, na jina likashika. Nyumbani alimsimulia mkewe habari za mwanamume mzima anayetembea na mto kama mtoto aendaye kulala. Mkewe alikuwa amechoka kusikia.

"Kwani hao watu wamekukosea nini?" akamuuliza.

Kunguru akaonja mchuzi, akasema chumvi imezidi.

Hofu ndiyo iliyokuwa ikimsemesha yote hayo. Kikosi chake kilishapewa fundi mwingine, na msimamizi alikwisha kudokeza kwamba nafasi yake ingeshikiliwa mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Asipoweza kupanda, basi tena, meza ni yake.

Mchana mmoja, watu walipokwenda kula, akajipenyeza stoo, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Kipandio cha kwanza, sawa. Cha pili, akajiambia daktari yule hajui kitu. Cha tatu, mguu ukaanza kutetemeka, kisha ukagoma kabisa: juu haendi, chini hashuki. Bingwa wa nguzo huyo, kimo cha mbuzi kutoka sakafuni, kaikumbatia ngazi na macho kayafumba.

Mlango ukalia, na aliyeingia hakuwa mwingine ila Mto. Kunguru akangoja kicheko, maana angekuwa yeye angecheka mpaka machozi yamtoke. Mzee akaishika ngazi kwa mikono miwili, akamwambia ashushe kwanza mguu mbovu, ule mzima ubaki juu kubeba mwili. Wakashuka hivyo, kipandio kwa kipandio.

"Mzee, usimwambie mtu," Kunguru alisema, akijifuta jasho. "Nikipumzika kidogo tu, nitapanda."

Mto aliirudisha ngazi mahali pake bila haraka.

"Umejitahidi, mdogo wangu. Mimi nilipoanguka nguzoni nikavunjika nyonga, wakanileta hapa kwa muda, na ngazi niliijaribu vilevile. Niliishia kipandio cha pili."

Kunguru akataka kumuuliza hiyo ilikuwa lini, kisha akaziona mvi zake.